Fedha za dada zimo kwenye hisa, na mimi nimeacha kukimbia

Mpendwa Mshauri,

Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Pemba, umri wangu miaka 52, nina mke na watoto wanne. Naomba usitaje jina langu, kwa sababu jamaa zangu wengi husoma safu hii.

Mwaka juzi tuligawana fedha za karafuu za shamba la marehemu baba. Fungu langu, nikichanganya na akiba ya mshahara, lilifika shilingi milioni 6. Dada yangu mkubwa, ambaye ni mjane, alinikabidhi milioni 3 zake. Alisema, "Wewe ndiye uliyesoma, ziweke pahala zizae. Zikikaa kwangu zitaishia kwenye harusi na matanga." Nikazichanganya zote, milioni 9, nikanunua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa jina langu. Nyingi ni za kampuni moja ya saruji, zilizobaki ni za kampuni ya simu. Hisa za benki sikuzigusa kwa sababu ya riba.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Gawio la faida ya kampuni lilipotoka nilimpelekea dada fungu lake, akaniombea dua mpaka nikaona haya. Lakini miezi hii ya karibuni bei zinashuka. Nilipopiga hesabu mara ya mwisho, zile milioni 9 zilikuwa zimebaki na thamani ya milioni 7 na laki 4. Dada hajui. Mwakani anataka kuezeka nyumba yake na ameshaanza kuulizia bei ya bati.

Sasa nikueleze asubuhi zangu zilivyo. Naamka saa kumi na nusu, kabla ya adhana. Zamani nikishaswali nilikuwa nakutana na wenzangu wa kikundi cha mazoezi, tunakimbia kuelekea Gombani na kurudi, kilomita tano hivi, siku tano kwa wiki. Siku hizi mkono unakwenda kwenye simu kabla sijakaa kitako kitandani. Naangalia soko la New York limefunga vipi, nasoma habari za bei ya mafuta na mivutano ya ushuru baina ya mataifa makubwa, halafu nafungua programu ya hisa za kwetu. Adhana inanikuta hapo. Naswali, lakini moyo haupo. Nikirudi msikitini naichukua tena simu, na wenzangu wameshapita. Nakunywa kahawa, nakwenda skuli, na katikati ya vipindi naangalia tena.

Suruali zimeanza kunibana. Juzi nilipita duka la dawa nikapimwa presha, mashine ikasoma 148 kwa 94. Muuzaji aliniambia nipunguze mawazo.

Mke wangu anasema uza zote, rudisha fedha za watu, upate kulala. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam anasema hasara haipo mpaka uuze, kwa hivyo nisubiri. Nikimsikiliza huyu naona ana haki, nikimsikiliza yule naona ana haki. Na kukimbia kwenyewe sasa nakuona ni starehe. Nitakwendaje kukimbia na huku fedha ya mjane inayeyuka? Nikiacha kutizama, naona ni kama nimeitupa amana.

Je, niuze au nisubiri? Nimwambie dada au ningoje zipande kwanza? Na kwa presha hii, nikitaka kurudi mazoezini nianzie wapi?

Mwalimu, Pemba

JIBU

Waalaykumu salaam, Mwalimu.

Barua yako ina mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: bei za hisa, fedha za dada, na mwili wako. Kila asubuhi unajaribu kulifungua fundo hilo kwa kutizama bei, na bei ndiyo sehemu pekee ambayo huna mkono nayo. Mambo mawili yaliyobaki unaweza kuyagusa, hata wiki hii. Umeuliza juu ya kuuza kwanza, lakini kwa ruhusa yako nitaanza na dada, kwa sababu nadhani yeye ndiye anayekuamsha saa kumi na nusu kuliko saruji.

Umeziita fedha zake amana. Huenda ni hivyo, huenda sivyo, na tofauti hiyo inabadilisha kila kitu kinachofuata. Kama alikwambia "nitunzie," na hakukupa ruhusa ya kuzifanyia kazi, basi hiyo ni amana kwa maana yake khasa, na aliyeitumia amana bila idhini ana dhamana nayo. Kama ulimwambia "nikopeshe, nitakurudishia milioni 3," hilo ni deni. Linabaki milioni 3 hata hisa zikifika sufuri. Lakini maneno uliyoyanukuu, "ziweke pahala zizae," yanakaribia zaidi uwakala au mudharaba: mwenye mali anatoa mtaji, mwengine anaufanyia kazi. Katika mudharaba faida hugawanywa kama walivyokubaliana, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mtaji, madhali aliyeufanyia kazi hakufanya uzembe wala hakuvuka masharti. Yeye hasara yake ni jasho lake. Na wewe gawio ulimpelekea fungu lake, jambo linaloonesha kuwa nyote wawili mlikuwa mnaelewa kwamba fedha ile imo kazini.

Sisemi kwamba hukumu ndiyo hiyo. Nenda kwa sheikh unayemwamini, umweleze maneno kama yalivyosemwa, bila kuyapamba, umuulize ni mkataba gani. Nimelitanguliza hili kwa sababu umekuwa ukibeba dhamana ya milioni 3 kamili pasipo kujua kama ni yako kuibeba. Huenda ukaambiwa ni yako. Hata hivyo utakuwa unajua uzito wake, na uzito unaojulikana mtu huupangia namna ya kuubeba.

Kuna jambo jengine ambalo hukuliuliza. Hisa zote ziko kwa jina lako. Umri ni wa Mwenyezi Mungu. Ukiondoka leo, hisa hizo zitahesabiwa katika mirathi yako, na wanao hawana pa kujua kwamba theluthi yake ni ya shangazi yao. Karatasi moja inatosha: tarehe, kiasi alichotoa, idadi ya hisa za kila kampuni zilizo zake, sahihi yako na yake, na mashahidi wawili. Nakala moja ikae kwake. Hii haingoji bei ipande wala ishuke.

Sasa tuje kwenye kutizama. Unasema ukiacha kutizama utakuwa umeitupa amana. Naomba tulipime hilo polepole. Saa kumi na nusu alfajiri soko la Dar es Salaam limelala. Linafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na linapofunguliwa asubuhi wewe umeshaingia darasani. Namba unayoiona kwenye simu alfajiri ni bei ya mauzo ya mwisho, ya jana au ya nyuma zaidi, kwa sababu hisa za baadhi ya kampuni zetu hupitisha siku bila kuuzwa hata moja. Ukiifungua programu mara kumi kabla ya jua kuchomoza, utaona namba ileile mara kumi. New York nayo ilishafunga tangu saa 5 usiku kwa saa zetu, au saa 6 kule kwao kukiwa na majira ya baridi. Na New York haina hisa yako hata moja. Faida ya kiwanda cha saruji cha hapa hutegemea bei ya mfuko, gharama ya nishati ya kuchomea klinka (mawe yanayosagwa kuwa saruji), ushindani wa viwanda vyengine, na watu na serikali wanajenga kiasi gani. Mambo hayo huonekana katika hesabu ambazo kampuni zilizoorodheshwa sokoni hulazimika kuzichapisha. Hizo ndizo za kusoma, na hazitoki kila alfajiri.

Kutizama kila siku kuna gharama iliyochunguzwa na wataalamu. Daniel Kahneman na Amos Tversky, katika kazi yao ya mwaka 1979, walionesha kwamba hasara humuuma mtu zaidi kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyomfurahisha. Makadirio yaliyofuata yanasema ni takriban mara mbili. Mwaka 1995 Shlomo Benartzi na Richard Thaler wakaliunganisha hilo na mara ngapi mtu anaangalia mali yake. Chukua soko la Marekani, ambalo lina kumbukumbu ndefu: siku za kupanda zimezidi nusu kidogo tu, lakini miaka ya kupanda ni takriban mitatu katika kila minne. Anayetizama kila siku anakutana na hasara karibu sawa na faida, na kila hasara inamuuma mara mbili. Anayetizama kwa nadra anaiona mali ileile kwa uso mwengine. Kisha aliyechoshwa na maumivu huanza kuuza na kununua. Brad Barber na Terrance Odean walifuatilia kaya 66,465 za Marekani kati ya mwaka 1991 na 1996: waliofanya biashara nyingi zaidi walipata wastani wa asilimia 11.4 kwa mwaka, ilhali soko lenyewe lilitoa 17.9.

Shamba la karafuu mmelirithi, kwa hivyo utanielewa: mwenye mkarafuu huenda shambani kwa kazi, kupalilia na kuchuma, na hakuna aliyeongeza zao kwa kuhesabu vikonyo kila alfajiri.

Tuje kwa mkeo na kaka yako. Wote wanakutakia kheri, na kila mmoja ameshika kipande.

Kaka anaposema hasara haipo mpaka uuze, anakusaidia usikurupuke. Lakini maneno hayo yanaficha kitu. Kama dada angezitaka fedha zake leo, ungepata kwenye milioni 7.4, si 9. Hasara ipo, ila inaweza kurudi. Na ili irudi, kupanda kwa asilimia 18 hakutoshi, ingawa ndizo zilizoshuka. Kutoka 7.4 hadi 9 ni kupanda kwa karibu asilimia 22. Je, itatokea? Mwaka 2020 hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani zilianguka kwa takriban asilimia 34 baina ya tarehe 19 Februari na 23 Machi, na kufika Agosti zilikuwa zimesharudi zilipokuwa. Japani nako, faharasa ya Nikkei, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za huko, ilifika kilele mwishoni mwa mwaka 1989, na hakikupitwa mpaka Februari 2024. Yote mawili ni kweli. Soko halijui kwamba mwakani kuna bati la kununua.

Mkeo anaposema uza zote, anaona uso wako kila asubuhi, na ushahidi huo si mdogo. Hatari yake ni kwamba milioni 1.6 itakuwa imekwenda moja kwa moja, ukiongeza na ada za dalali. Na huenda ukaendelea kuamka saa kumi na nusu, safari hii kutizama kama zimepanda baada ya wewe kutoka. Mtu anayeuza ili apate usingizi ni vyema ajiulize kwanza kama kweli ni hisa zinazomnyima.

Kati ya mawili hayo kuna njia nyengine, na nakuomba uzitafakari kwa kuzigawa fedha kwa mwenyewe na kwa tarehe. Milioni 6 zako, kama hazina kazi kwa miaka mitano au zaidi, zinaweza kustahamili mawimbi. Hapo swali langu kwako ni jengine: kwa nini nyingi zimo katika kampuni moja? Kiwanda kimoja kikiharibikiwa, hakuna kitakachokuziba. Za dada zina tarehe, na fedha yenye tarehe ndani ya mwaka mmoja haina muda wa kungoja soko. Kwa bei ya sasa fungu lake ni kama milioni 2 na laki 4 na elfu 70; pengo ni takriban laki 5 na elfu 30.

Unaweza kuuza fungu lake peke yake na kumkabidhi kilichopatikana, kama sheikh ataona hasara ni yake na yeye akaridhika. Unaweza kuuza fungu lake na pengo ukalijazia kutoka mshaharani, tuseme elfu 45 kwa mwezi kwa mwaka mmoja, iwe kwa wajibu au kwa hisani. Au unaweza kuzichukua hisa zake ziwe zako na kumlipa kidogokidogo. Hapo yeye anapata bati lake, lakini wewe unazidi kulalia kapu lilelile linalokukosesha usingizi, na miaka minane kabla ya kustaafu hilo lataka moyo. Au yeye mwenyewe, akishaelezwa, anaweza kusema bati lingoje. Huwezi kujua mpaka umuulize. Ukimya wako unamwamulia jambo ambalo ni haki yake kuliamua.

Ukiamua kuuza chochote, usimwambie dalali "uza" tu. Soko letu lina wanunuzi wachache kwa baadhi ya hisa, na oda isiyo na bei huweza kuchukuliwa kwa bei ya chini kuliko ile uliyoiona kwenye simu. Weka bei ya kikomo, yaani ya chini kabisa unayoikubali, muulize oda itabaki hai siku ngapi, na akuandikie ada zote kwa shilingi kabla hujaidhinisha. Tazama pia tarehe ya kufungwa kwa rejista ya gawio, yaani orodha ya watakaolipwa. Ukiuza siku chache kabla yake unalikosa gawio, ambalo kwa kampuni zilizoorodheshwa sokoni hukatwa kodi ya asilimia 5. Na kumbuka kwamba hisa mara nyingi hushuka kwa takriban kiasi cha gawio karibu na kufungwa kwa rejista. Rudi kwenye daftari lako uone kama sehemu ya hiyo milioni 1.6 si gawio lile ambalo wewe na dada mlishalila. Ikiwa ndivyo, hasara ni ndogo kuliko unavyoihesabu. Na oda yoyote, ya kuuza au kununua, iandike kwanza kwenye karatasi ilale siku mbili.

Sasa mwili. Presha yako ya 148 kwa 94 siipuuzi, kwa sababu 140 kwa 90 ndicho kipimo cha hospitali cha kuanza kuangaliwa. Lakini kipimo kimoja cha dukani, pengine baada ya kahawa na baada ya bei kushuka, hakitoshi kumwambia mtu ana ugonjwa. Tafuta mashine ya mkanda wa juu ya kiwiko, wenye saizi ya mkono wako. Mkanda mdogo hupandisha namba. Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda chooni. Kaa dakika tano kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote chini, miguu isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usizungumze, na simu iwe mbali. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku saba, tupa namba za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Nyumbani kipimo ni 135 kwa 85. Wastani ukifika hapo au ukapita, chukua daftari lako kituo cha afya. Usingoje wiki iishe kama namba imefika 180 kwa 120. Na ukiona maumivu ya kifua, pumzi kukatika, udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito, nenda hospitali saa ileile.

Kukimbia umekuita starehe. Naliheshimu lililokufanya useme hivyo, kwa sababu limetoka kwenye kumjali dada. Ila litizame hivi: mwenye kumlinda mjane huyo ni wewe, na mshahara utakaoziba pengo lake unatokana na mwili huo. Kwa watu wenye presha, mazoezi ya kuendesha pumzi, kama kutembea haraka na kukimbia, yanayofanywa mara kwa mara huiteremsha namba ya juu kwa takriban 5 hadi 8. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Kikundi chenu kilikuwa kinakupa mengi ya hayo.

Kosa la kawaida la anayerudi ni kuungana na wenzake kwa kasi aliyowaacha nayo. Pumzi hurudi haraka kuliko kano. Moyo unakubali, lakini kano ya kisigino na magoti hayajawa tayari, na katika wiki ya tatu mtu anachechemea, anaacha tena. Kwa hivyo, ukishapata rukhsa ya daktari, wiki mbili za mwanzo tembea tu, dakika 25 hadi 30, siku tano, mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba kaswida. Wiki ya tatu na ya nne kimbia taratibu dakika moja, tembea dakika tatu, rudia mara sita. Wiki ya tano na ya sita, dakika mbili kwa mbili, mara saba. Usiongeze kasi na umbali katika wiki moja. Ukikimbia pembezoni mwa lami, fuata upande wa magari yanayokuja mbele yako, na uvae nguo nyeupe maana bado kuna kiza. Viatu vilivyokwisha soli kisigino vibadilishe. Ni nafuu kuliko goti. Waambie wenzako mapema kwamba utawafuata nyuma.

Siku mbili kwa wiki, nyumbani: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara kumi, pushapu za ukutani, mara kumi, kulala chali na kuinua kiuno, mara kumi. Mizunguko miwili, baadaye mitatu. Toa pumzi unaponyanyuka. Kuzuia pumzi na kujikaza huirusha presha juu ghafla, na wengi wenye presha hukosea hapo. Lipo pia zoezi la kukaa na mgongo ukutani kana kwamba una kiti, dakika mbili kwa mara nne, dakika mbili za kupumzika katikati, siku tatu kwa wiki. Tafiti zinaonesha linasaidia sana kuteremsha presha. Ila lisubirishe mpaka daktari akujue.

Na simu? Ilale sebuleni kwenye chaji, na kitandani pawe na saa ya kengele ya kawaida. Zima arifa za bei na za habari za masoko. Usiifute programu, anayeifuta huirudisha usiku wa pili. Ipe siku: Jumamosi, baada ya chai, wakati soko limefungwa na bei za wiki zimetulia. Andika kwenye daftari bei ya kila hisa, tangazo lolote la kampuni, na kama kuna jambo linalohitaji uamuzi. Dakika ishirini, kisha funga. Siku za mwanzo mkono utaitafuta simu, khasa baada ya swala, na ndiyo maana viatu vya mazoezi viwe mlangoni tangu usiku na mwenzako mmoja wa kikundi ajue kwamba anakusubiri. Kutembea kwa miguu baada ya alfajiri kutaijaza nafasi ambayo simu ilikuwa imeishika. Haitakuondolea wasiwasi wote, na huna haja ya kungoja wasiwasi uishe ndipo utoke nje.

Nakuomba jambo moja lisingoje: mazungumzo na dada. Yafanye kwake, mchana, si kwa simu, na uende na karatasi ile ya idadi ya hisa. Mpe namba kwanza, halafu sababu: "Dada, zile milioni 3 leo zina thamani ya milioni 2 na laki 4 na kidogo. Gawio nililokupa ni hili. Bati unalitaka mwezi gani, na uliponipa fedha ulikusudia nini zikipungua?" Mwache ajibu mpaka mwisho. Anaweza kuhuzunika, na pia anaweza kuwa na pahala pengine pa kupata fedha ambapo wewe hupajui. Akikwambia alichokusudia, mpelekee sheikh maneno hayo yalivyo, kisha tuandikie tena, kwa sababu hesabu ya kuuza au kusubiri inaanzia hapo.